Maombi ya vyuo vya nje: Afrika inapanda au inashuka? Takwimu zinagongana

MshauriKidatoSita

Salaam wakuu. Naandaa mada ya saa moja kwa walimu washauri wa sekondari, wengi wa Dar na Arusha, wachache wa Mombasa. Mada ni mwelekeo wa maombi ya wanafunzi wa kimataifa, kanda kwa kanda. Ripoti ninazo, ila zinagongana zenyewe kwa zenyewe.

Moja inasema wanafunzi wa Afrika kusini mwa Sahara walioko Marekani wameongezeka kwa asilimia 13. Nyingine inasema waombaji wa Afrika kwenda hukohuko Marekani wamepungua kwa asilimia 18. Uingereza ni yaleyale: UCAS (mfumo wa pamoja wa maombi ya vyuo vya huko) wanaonyesha waombaji wa nje wamepanda, HESA (wakala wa takwimu za vyuo vya huko) wanaonyesha wanafunzi wa nje wameshuka.

Naomba msaada kwa matatu. Nishike ripoti ipi? Nini hasa kinasukuma namba za kila kanda? Na mwalimu mwenye vijana wa kidato cha sita azitumieje, zaidi ya kuzirusha ukutani kwa projekta? Jibu la "inategemea" ninalo tayari, msinipe lingine.

---

TakwimuKavu

Mwalimu, hazigongani. Kila ripoti imesimama kwenye mlango wake wa nyumba ileile na inahesabu wanaopita hapo tu.

Fuata mwombaji mmoja. Anafungua akaunti, anatuma maombi, anapewa nafasi, analipa amana, anaomba viza, anapewa au ananyimwa, anaripoti chuoni, kisha anakaa miaka mitatu au minne. Kila hatua ina taasisi inayoihesabu, na hatua ya kwanza na ya mwisho zinaweza kupishana miaka mitano.

Ile asilimia 13 ni ya Open Doors, ripoti ya kila mwaka ya wanafunzi wa nje walioko Marekani, mwaka wa masomo 2023/24. Inahesabu wote waliopo, wa mwaka wa kwanza hadi wa mwisho, pamoja na waliokwisha kuhitimu lakini bado wanafanya kazi kwa kibali cha OPT. Afrika kusini mwa Sahara walikuwa 56,780. Ndani ya hesabu hiyo kuna watu waliotuma maombi yao wakati wa Korona, kwa hiyo haikuambii chochote kuhusu anayetuma leo. Angalia ripoti iliyofuata, ya 2024/25: jumla ilivunja rekodi kwa kufika 1,177,766, huku wanafunzi wapya wakishuka asilimia 7 hadi 277,118. Rekodi ilibebwa na wa OPT, waliofika 294,253. Mwandishi wa habari anayesoma mstari wa kwanza tu ataandika kwamba Marekani inapanda, na hatakuwa amesema uongo.

Ile asilimia 18 ni ya Common App, mfumo wa pamoja wa maombi ya vyuo vya Marekani, hesabu iliyokatwa tarehe 1 Novemba 2025 kwa wanaotaka kuanza vuli ya 2026. Waombaji wa nje kwa jumla walipungua asilimia 9, India asilimia 14, Afrika 18, na Ghana peke yake 43. Hapo kuna tahadhari mbili. Hiyo ni shahada ya kwanza pekee, na vyuo vilivyomo kwenye mfumo huo pekee. Pili, Novemba mosi ni mapema, maana madirisha mengi ya kawaida hufungwa Januari, kwa hiyo asilimia ya Novemba na ya Machi hazilingani.

Uingereza fumbo lake ni kiwango cha masomo. UCAS ni mlango wa shahada ya kwanza. Uzamili wa mwaka mmoja karibu wote unaombwa moja kwa moja chuoni, hauonekani UCAS. Sasa Wachina ni wengi kwenye shahada ya kwanza, na kufikia tarehe 30 Juni 2025 waombaji wao UCAS walikuwa wamepanda kwa takriban asilimia 10, Wamarekani asilimia 14. Wanaijeria na Wahindi wengi wanakwenda uzamili. Kwa hiyo Nigeria ikianguka, UCAS haitikisiki. HESA ndiyo inayotikisika. Ndivyo ilivyokuwa 2023/24: wanafunzi wote wa nje 732,285, pungufu ya mwaka uliotangulia kwa kama asilimia 4.

Kosa lingine la kawaida ni kuchanganya maombi na waombaji. UCAS mtu mmoja anachagua vyuo hadi vitano, Common App hadi ishirini. Chuo kikikwambia "maombi kutoka Afrika yameongezeka maradufu", uliza kwanza kama kiliondoa ada ya maombi mwaka huo, au kiliacha kudai mtihani wa SAT. Ukiondoa ada, fomu zinamiminika, na nyingi hazikamiliki: hazina barua ya mwalimu, hazina matokeo, hazina chochote. Chuo kinazihesabu hivyohivyo kwenye taarifa kwa vyombo vya habari.

Na kabla hujaweka kanda mbili kwenye grafu moja, soma tanbihi ya kila ripoti. Sudan kwa Umoja wa Mataifa iko Afrika Kaskazini, kwa Benki ya Dunia imezoeleka kuwekwa kusini mwa Sahara, kwa UNESCO iko kwenye nchi za Kiarabu. Uturuki ni Asia Magharibi kwa mmoja, Ulaya na Asia ya Kati kwa mwingine. Mwaka 2025 Benki ya Dunia iliihamisha Pakistan kutoka Asia Kusini kwenda kundi la Mashariki ya Kati. Ukichora mstari wa Asia Kusini bila kujua hilo, utaona shimo ambalo halipo.

Nenda hivi. Fungua jedwali la Excel, kila mstari uwe nchi moja ya atokako mwanafunzi, siyo kanda. Safu ziwe: nchi anakokwenda, ngazi ya masomo, kinachohesabiwa (waombaji, viza zilizotolewa, wapya, au wote waliopo), mwaka wa kuanza masomo, namba ya mwaka huo, namba ya mwaka uliotangulia. Kanda uijumlishe mwenyewe mwishoni, kwa orodha moja ya nchi uliyoichagua na usiyoibadilisha. Mwaka uwe wa kuanza masomo, maana tarehe ya ripoti kutoka itakupotosha. Ripoti ya Open Doors hutoka Novemba na habari za mwaka wa masomo uliokwisha. Common App ya mwezi huohuo inazungumzia vuli ijayo. Ukizipanga kwa tarehe ya kutoka, umeweka miaka miwili tofauti kwenye safu moja.

---

DirishaLaViza

TakwimuKavu kamaliza la kwanza. Mimi nachukua la pili, la kinachosukuma namba.

Vitu viwili vinashinda vingine vyote: kanuni za viza na thamani ya sarafu ya nyumbani. Ubora wa chuo na orodha za vyuo bora vinaamua kijana aende chuo kipi ndani ya nchi, ila haviamui kama mwaka huu kanda nzima itapanda au itashuka.

Nigeria na Uingereza ndiyo mfano ulio wazi kuliko yote, maana vyote viwili vilipiga kwa pamoja. Juni 2023 serikali ya Nigeria iliachia naira ielee. Dola moja ilikuwa kama naira 460; mapema 2024 ilikuwa imepita 1,500. Mzazi aliyekuwa na ada ya mwaka mzima akabaki na theluthi yake. Halafu Januari 2024 Uingereza ikazuia wanafunzi wa uzamili wa kawaida kuja na mke, mume au watoto, ikabakiza wa shahada za utafiti na wenye ufadhili wa serikali. Maombi ya viza za wategemezi yalianguka kwa zaidi ya asilimia 80, na waombaji wakubwa wenye familia, ambao Nigeria ilikuwa nao wengi, wakaacha kuomba kabisa. Mchina wa miaka 18 anayekwenda peke yake hakuguswa na sheria hiyo, na yuan haikuanguka. Ndiyo maana kanda mbili zilikwenda pande tofauti chini ya sheria ileile.

Kanada ilitumia kikomo. Tarehe 22 Januari 2024 walitangaza vibali vipya vishuke kwa asilimia 35 hadi takriban 360,000, na kila mwombaji wa shahada ya kwanza alete barua ya uthibitisho ya jimbo. Kabla ya hapo, tarehe 1 Januari, fedha za kujikimu walizipandisha kutoka dola za Kanada 10,000, kiwango kilichodumu miaka ishirini, hadi 20,635. Septemba 2025 ikawa 22,895. Kilichofuata wengi hawakukitarajia: waombaji walipungua kuliko kikomo kilivyotaka, na vibali vilivyotolewa havikufikia hata lengo. Watu walisikia "Kanada imefunga" wakaacha kujaza fomu. Kwa 2026 lengo ni vibali 408,000, na kati ya hivyo wageni wapya ni 155,000 tu. Vilivyobaki ni vya kuongeza muda na vya walioko ndani tayari. Uzamili na uzamivu, vilivyoingizwa kwenye sharti hilo 2025, kwa vyuo vya umma vimeondolewa kwenye barua ya jimbo kuanzia tarehe 1 Januari 2026. Hilo la mwisho walimu wako walijue, kwa sababu mtaani bado wanasema Kanada imefunga kwa wote.

Australia ilitumia bei. Ada ya kuomba viza ya mwanafunzi ilikuwa dola zao 710, Julai 2024 ikawa 1,600, Julai 2025 ikawa 2,000, na ukinyimwa hairudi. Kwa familia ya Asia Kusini yenye hofu ya kunyimwa, hiyo ni kamari, na wengi wakaikimbia. Walikokwenda baada ya kuondoka huko ndiko takwimu zinakonoga.

Ujerumani muhula wa baridi 2024/25 ilikuwa na wanafunzi wa kimataifa wapatao 402,000, wa kwanza kwa wingi wakiwa Wahindi, kama 59,000, juu ya Wachina. Japani Mei 2024 ilifika 336,708, ongezeko la asilimia 21, na Nepal ndiyo iliyoruka kuliko wote. Ufaransa ina lengo la wanafunzi 500,000 kufikia 2027, ikitegemea sana Morocco na Algeria. Uturuki imepita laki tatu. Korea Kusini nayo imejiwekea lengo la laki tatu. Kwa hiyo anayesema maombi ya kimataifa yanapungua, anazungumzia nchi nne zinazofundisha kwa Kiingereza. UNESCO walihesabu wanafunzi wapatao milioni 6.9 waliokuwa nje ya nchi zao mwaka 2022, kutoka kama milioni 2 mwaka 2000. Hakuna aliyeuzima huo mto. Umehamishiwa mifereji mingine.

---

Mvita_Mchambuzi

Nakubaliana na nusu. Kwa mada ya walimu wa Tanzania na Kenya, neno "Afrika" kwenye ripoti hizi ni mtego, na hamjalisema kwa ukali unaotakiwa.

"Afrika kusini mwa Sahara" kwenye takwimu za Marekani ni Nigeria na Ghana kwanza, wengine baadaye. Mwaka 2023/24 Nigeria ilikuwa na wanafunzi 20,029 na Ghana 9,394, yaani mbili hizi ni zaidi ya nusu ya kanda yote. Ghana peke yake ilikua asilimia 45 mwaka huo. Toa Ghana uone ile asilimia 13 inabaki ngapi: mwaka uliotangulia ilikuwa kama 6,470, kwa hiyo iliongeza kama 2,900. Kanda nzima iliongeza kama 6,500. Karibu nusu ya "kupanda kwa Afrika" ni nchi moja. Na sasa Ghana hiyohiyo imeshuka asilimia 43 kwenye Common App, inaivuta kanda chini nayo. Mwalimu wa Arusha akiambiwa "Afrika imeshuka 18", atadhani ni wanafunzi wake.

Halafu namba ndogo zina vituko vyake. Shule ikiwa na waombaji wanne mwaka jana na sita mwaka huu, ni asilimia 50 juu. Nchi yenye wanafunzi mia kadhaa mahali fulani inaweza kupanda na kushuka asilimia 30 kwa sababu ya mpango mmoja wa ufadhili kufunguliwa au kufungwa. Kwa nchi za aina hiyo tumia wastani wa miaka mitatu, na andika namba yenyewe pembeni ya asilimia.

Tatu, wanakokwenda watu wetu kwingi hakumo kabisa kwenye ripoti za Kiingereza. Uganda hapa jirani. India, ambako Watanzania wamekuwa wakisoma famasi, uhandisi na kompyuta kwa miaka mingi. China: mwaka 2018, ambao ndio wa mwisho kuwa na hesabu nzuri kabla ya Korona, walikuwa na wanafunzi wa kigeni 492,185, na Waafrika kati yao 81,562. Mwaka huohuo Waafrika kusini mwa Sahara walioko Marekani hawakufika nusu ya hao. Baada ya mipaka ya China kufungwa 2020 hadi 2022, takwimu za namna hiyo hazijatoka tena kwa ukamilifu, kwa hiyo kwenye grafu yako Afrika itaonekana kama haiendi Mashariki. Inakwenda.

Na ongeza safu moja kwenye jedwali la TakwimuKavu: matawi ya vyuo vya nje yaliyoko nyumbani. IIT Madras ilifungua tawi Zanzibar mwaka 2023. Kijana anayesoma pale anapata shahada ya chuo cha India bila kuonekana kwenye hesabu yoyote ya wanafunzi waliovuka mpaka.

---

TakwimuKavu

Mvita, kwenye wastani wa miaka mitatu nakupinga kidogo. Ukiwa na mabadiliko ya sheria katikati (Uingereza Januari 2024, Kanada Januari 2024), wastani unayafunika. Afadhali mistari miwili: kabla na baada. Wastani utumike pale ambapo hakuna sheria iliyobadilika. Hilo la Ghana ni sawa kabisa, hesabu yako imekaa vizuri.

---

KaratasiKwanza

Mwalimu, swali lako la tatu ndilo lenye kazi. Namba zote hizo zikishaeleweka, mshauri anazibadilisha ziwe maamuzi mawili: kijana aombe nchi ngapi, na karatasi zipi zianze lini.

Anza na jambo ambalo kwa Tanzania ni zito kuliko takwimu yoyote. Kwa tangazo la rais wa Marekani la tarehe 16 Desemba 2025, lililoanza kazi tarehe 1 Januari 2026, Tanzania imewekwa kwenye kundi la vizuizi vya sehemu, na vizuizi hivyo vinagusa viza za F, M na J, yaani za wanafunzi na za mabadilishano. Burundi imo kwenye kundi hilo tangu Juni 2025. Nigeria, Zambia na Malawi ziliingizwa pamoja na Tanzania. Kenya, Uganda na Rwanda hazikuwemo kwenye orodha hiyo. Aliyekuwa na viza hai kabla ya tarehe hiyo, tangazo halikuifuta. Kwa hiyo darasa lenye walimu wa Arusha na wa Mombasa haliwezi kupewa ushauri mmoja kuhusu Marekani. Orodha hizi hubadilika kwa sahihi moja, kwa hiyo soma tangazo lililopo wiki unayotoa mada.

Hata kabla ya hapo, hesabu ya viza ilikuwa ngumu kwetu. Mwaka wa fedha 2024 Marekani ilikataa takriban asilimia 41 ya maombi yote ya F-1 duniani, na kwa Afrika kusini mwa Sahara kukataliwa kumekuwa kukipita nusu. Hilo ni pengo kati ya hatua ya "amepewa nafasi" na "ameripoti" ambalo takwimu za maombi hazilionyeshi. Kijana wa Kenya anayeomba Marekani awe na nchi ya pili iliyokamilika, barua ya kukubaliwa mkononi, siyo "nitaangalia baadaye".

Ratiba. Kenya matokeo ya KCSE hutoka Januari, kijana ana miezi minane kabla ya Septemba. Tanzania mtihani wa kidato cha sita ni Mei na matokeo ni Julai, baada ya madirisha karibu yote kufungwa. Maana yake Mtanzania anaomba kwa makadirio ya alama yanayotolewa na shule. Hapo ndipo walimu wanapowaharibia watoto bila kujua: wanakadiria A tatu kwa kila mtu. Chuo kinatoa nafasi yenye sharti la A tatu, Julai inakuja B na C, nafasi inakufa. Kadirieni kwa matokeo ya mock na ya kidato cha tano, na mwandike kwa karatasi yenye nembo na muhuri wa shule.

UCAS kwa kuanza vuli ya 2026 tarehe ilikuwa 14 Januari saa 12 jioni ya Uingereza, ambayo kwetu ni saa 3 usiku. Udaktari, Oxford na Cambridge ni Oktoba 15. Mwaka ujao tarehe husogea siku moja mbili, mwezi ni uleule. Vyuo vingi vya Uingereza huwataka wenye KCSE wapite mwaka wa maandalizi kwanza. Wa kidato cha sita hutegemea chuo, waulize kwa barua pepe kabla ya kulipa.

Fedha za Uingereza ndizo zinazoangusha wengi, na si kwa kukosa pesa. Tangu tarehe 11 Novemba 2025 kujikimu ni pauni 1,171 kwa mwezi nje ya London na 1,529 ndani ya London, kwa miezi isiyozidi tisa. Yaani pauni 10,539 au 13,761, juu ya ada ya mwaka wa kwanza iliyobaki. Zikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo, na siku ya mwisho ya hizo 28 isiwe na zaidi ya siku 31 hadi siku ya kuomba viza. Salio likishuka chini ya kiwango hata siku moja, tuseme baba katoa za shamba akarudisha kesho yake, siku zinaanza upya. Sarafu nayo: kiwango kinapigwa kwa pauni, na akaunti ni ya shilingi. Shilingi ikiteleza kidogo tarehe ya maombi, umepungukiwa. Wekeni ziada ya asilimia tano hadi kumi. Akaunti ikiwa ya mzazi, ambatanisha cheti cha kuzaliwa na barua ya ridhaa yake. Ya mjomba haikubaliki kwa kigezo hiki, hata akiwa ndiye aliyemlea, isipokuwa awe mlezi wa kisheria na ana hati. Ada ya huduma ya afya yao ni pauni 776 kwa mwaka, inalipwa yote mbele. Cheti cha kipimo cha kifua kikuu kitoke kliniki iliyoidhinishwa nao. Cha hospitali ya mkoa hakitambuliwi.

Majina. Cheti cha NECTA pengine kina majina mawili, cha kuzaliwa kina matatu kwa mpangilio mwingine, pasipoti imeandikwa kama afisa alivyosikia. Hili lishughulikiwe kidato cha tano, kwa RITA (wakala wa usajili wa vizazi) na hati ya kiapo, kabla pasipoti haijatolewa. Likigunduliwa wiki ya viza, kwa kawaida limeshachelewa.

Ujerumani haina ada kwenye vyuo vingi vya umma, ila msiseme "bure" mkaishia hapo. Baden-Württemberg inatoza wasio wa Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula, na chuo cha TUM cha Munich kimeanza kutoza tangu baridi ya 2024/25, euro 2,000 hadi 6,000 kwa muhula kulingana na ngazi. Akaunti iliyofungwa, yaani ya fedha za kujikimu anazozitoa kidogo kidogo kila mwezi, ni euro 11,904 kwa mwaka. Maombi kupitia uni-assist, mfumo wa pamoja wa vyuo vya huko, ni euro 75 kwa chuo cha kwanza na 30 kwa kila cha ziada. Kabla ya kulipa hata senti, fungua kanzidata ya anabin uone cheti chenu kinamruhusu kijana aingie moja kwa moja au apite kwanza chuo cha maandalizi, kinachoitwa Studienkolleg, kwa mwaka mmoja.

Uturuki: dirisha la Türkiye Bursları, ufadhili wa serikali yao, hufunguliwa Januari 10 hadi Februari 20. Shahada ya kwanza umri chini ya miaka 21, wastani angalau asilimia 70, na kwa udaktari na fani za afya asilimia 90. China: ufadhili wa serikali, wa CSC, hupitia ubalozi au chuo, na madirisha mengi ni Januari hadi Aprili. Fomu ya kipimo cha afya huishi miezi sita, kwa hiyo anayepima Desemba anajikuta Julai anapima tena kwa gharama ileile.

Na anayekwenda kusoma udaktari popote pale, mzazi aulize kwanza Baraza la Madaktari nyumbani kama chuo hicho kinatambuliwa. TCU, tume ya vyuo vikuu ya Tanzania, nao hutoa hati ya kutokuwa na pingamizi kwa Mtanzania anayekwenda nje. Hayo yote kabla ya kumlipa wakala.

---

MshauriKidatoSita

Asanteni sana wakuu, nimeanza jedwali upya kwa nchi. Nina moja limebaki. Mmesema vyuo vya Uingereza vinapokea waombaji wengi zaidi UCAS. Kwa nini basi baadhi ya mawakala wanasema vyuo vilevile vimeanza kuwa wagumu kutoa CAS, ile hati ya chuo ya kuombea viza, hata kwa aliyekwisha kukubaliwa na kulipa amana?

---

DirishaLaViza

Kwa sababu chuo nacho kina leseni ya kulinda, mwalimu. Ili kiendelee kuruhusiwa kuleta wanafunzi wa nje, viza zinazokataliwa kati ya wale kiliowapa CAS zilitakiwa zisifike asilimia 10. Waraka wa uhamiaji wa Mei 2025 ulitangaza kigezo hicho kibanwe hadi asilimia 5, walioripoti wawe angalau asilimia 95 na wanaomaliza asilimia 90. Chuo kidogo kilichotoa CAS 200, viza 15 zikikataliwa, kimevuka. Kwa hiyo kabla ya CAS kinafanya usaili wake kwa video, kinadai taarifa ya benki mapema, na vyuo vingine vimesimamisha kabisa kupokea kutoka baadhi ya nchi, Pakistan na Bangladesh zikiwemo.

Kwa mwanafunzi wako usaili huo ni wa dakika kumi na tano hivi. Wanauliza kwa nini kozi hii, kwa nini chuo hiki, nani analipa na kazi yake ni nini, na utaishi wapi. Anayejibu kwa maneno ya wakala anajulikana kwenye swali la pili. Ajue majina ya masomo mawili matatu ya mwaka wa kwanza, ajue ada kamili kwa pauni, na jina la mlipaji alilotaja lifanane na lililo kwenye taarifa ya benki. Na kabla ya kulipa amana, asome sharti la kurudishiwa: vyuo vingi hurudisha viza ikikataliwa, ila vingine hukata sehemu, na havirudishi kabisa kama sababu ya kukataliwa ni nyaraka za kughushi.

---

Mvita_Mchambuzi

Na hilo litaingia kwenye takwimu, TakwimuKavu. Chuo kikiwachuja kabla ya CAS, kiwango cha viza kukubaliwa kitapanda na kila mtu ataandika kwamba Uingereza imelegeza.

---

TakwimuKavu

Ndiyo. Mwalimu, ongeza safu nyingine: CAS zilizotolewa.